Nyimbo 7 za roki ya progresivu, kila moja kama bendi nyingine. Nirekebishe wapi?

Mleta uzi: Wakuu, salaam. Niko kwenye miksi. Wimbo mmoja ni gitaa la nyuzi 12 na filimbi tu, unaofuata kinanda cha Hammond na gitaa la umeme linalonguruma, mwingine Mellotron (kinanda kinachopiga sauti zilizorekodiwa kwenye utepe) mwanzo mwisho. Ukisikiliza mmoja mmoja, safi. Ukiziachia mfululizo, hazishikani. Vyombo sitaki kupunguza.

BesiNzito: Vyombo viache, mkuu, angalia msingi. Besi na ngoma zibaki na sauti ileile albamu nzima. Kisha tengeneza rivabu moja (mwangwi kama wa chumba), sekunde 1.8 hivi, nyimbo zote zipite humo: filimbi nyingi, gitaa kiasi, besi isiguse kabisa. Rivabu mpya kila wimbo maana yake msikilizaji anahamishwa chumba kila mara.

KinandaChaKale: Hiyo Mellotron ni ya kompyuta, sivyo? Kwenye Mellotron halisi, M400, kila kitufe, vyote 35, kina utepe wake, na utepe unaisha baada ya sekunde 8 hivi. Sampuli (sauti iliyorekodiwa) inayojirudia bila kikomo inageuka ukungu juu ya wimbo mzima. Zima kujirudia, badilisha kodi (chords) kwa kuachia kidole kimoja kimoja, halafu kata sauti nzito za chini ya Hz 150 ili besi ipumue. Hammond nayo, Leslie (spika yake ya kuzunguka) izunguke taratibu kwenye beti, kasi kwenye kiitikio. Usirukie kasi ghafla. Utamu uko pale inapopanda.

Mdundo13: Mimi naona melodi ndiyo gundi kuliko yote. Sikiliza "Firth of Fifth" ya bendi ya Genesis, 1973. Melodi ya filimbi ya Peter Gabriel inarudi baadaye kwenye gitaa la Steve Hackett, ndefu, na Mellotron chini yake. Chombo kimebadilika kabisa lakini sikio linaitambua. Chukua melodi ya filimbi yako, ipe gitaa la umeme wimbo wa 5 au 6.

Mleta uzi: Nimewaelewa, asanteni. Na mastaringi (hatua ya mwisho baada ya miksi), nilete kila wimbo kwenye LUFS -14, kile kipimo cha ukubwa wa sauti?

BesiNzito: Hapana! Ukifanya hivyo, filimbi na nyuzi 12 zitasikika kubwa kuliko bendi nzima. Pima albamu yote kwa pamoja, wimbo mtulivu uache hata kwenye -19. Anza na ule mzito kabisa, halafu mingine ipange kwa masikio, ukisikiliza sekunde 20 za mwisho wa wimbo na 20 za mwanzo wa unaofuata.