Mateka akiteswa gerezani, afungwe koplo au jenerali?

Kipanga Mweusi:
Wakuu habari za muda huu. Juzi nimebishana na jamaa yangu mpaka tukanuniana, ishu ni zile picha za Abu Ghraib, gereza la Iraki lililokuwa chini ya jeshi la Marekani, wale wafungwa wa Iraki waliovuliwa nguo wakarundikwa kama magunia, na yule aliyesimamishwa juu ya boksi kavishwa gunia kichwani na nyaya mikononi. Zilirushwa kwenye tivii Aprili 2004, wengi mnazikumbuka. Waliotiwa hatiani ni askari wadogo wa Kimarekani 11. Graner alikula miaka 10, Frederick 8, yule binti England 3. Ofisa mmoja tu ndio alifikishwa mahakama ya kijeshi, Luteni Kanali Jordan, makosa ya mateso akachomoka yote akabaki na la kuongelea uchunguzi wakati alishaambiwa akae kimya, na hilo nalo likaja kufutwa. Jamaa yangu anasema safi tu, aliyetenda ndio abebe. Mimi nasema mkubwa ndio alitakiwa awe wa kwanza kizimbani. Mnasemaje? Leteni hoja, matusi bakini nayo.

Ngumi Jiwe:
Kila mtu na msalaba wake. Kamanda ana maelfu ya watu chini yake, unataka azunguke na tochi kila selo usiku kucha? Basi na mwalimu mkuu afungwe kila mwanafunzi akiiba kalamu.

Kalamu Kavu:
Mwalimu mkuu hajapewa watu waliofungwa mikono. Ndugu yangu sheria ya wajibu wa kamanda haisemi abebe kila dhambi ya kikosi. Inauliza, wale watu walikuwa chini yako kweli? Ulijua, au hali ilivyokuwa ulitakiwa uwe unajua? Na ulichoweza kufanya kuzuia au kuadhibu ulikifanya? Ndio hivyo tu, ibara ya 28 ya Mkataba wa Roma, ule ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC. Halafu kuna Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, ibara ya 12, watu huwa wanairuka: mateka wa vita yuko mikononi mwa dola ya adui, sio mikononi mwa askari au kikosi kilichomkamata. Yaani akishanyoosha mikono juu huyo ni wa serikali. Sasa mali ya serikali ikiharibika tunamuulizaje mlinzi wa getini peke yake?

Ngumi Jiwe:
Marekani hata sio mwanachama wa huo mkataba wa Roma. Tuendelee.

Kalamu Kavu:
Hahaha, wao ndio waliompa mwenzao kitanzi kwa sheria hiyohiyo kabla Roma haijawazwa. Jenerali Yamashita wa Japani, mahakama ya kijeshi ya Marekani, kosa lenyewe ni kushindwa kuwadhibiti askari wake. Hakuna aliyethibitisha kwamba alitoa amri ya kuua mtu.

Chui Mzee:
Yamashita walimnyongea Tokyo kwa sababu alishindwa vita, hamna sheria pale. Angeshinda angepewa medali.

Kalamu Kavu:
Sio Tokyo mzee, ni Ufilipino, kesi ilisikilizwa Manila 1945 akanyongwa Februari 1946. Lakini sikatai ulichosema, hata majaji wawili wa Mahakama Kuu ya Marekani, Murphy na Rutledge, waliandika kupinga. Mawasiliano yake yalikuwa yamekatwa, waliochinja watu Manila wengi walikuwa wanamaji waliobaki mjini wakati yeye alitaka mji uachwe. Kama yule alistahili kitanzi, mwenye simu na kompyuta na wapelelezi Baghdad alistahili nini?

Chui Mzee:
Na Bemba wa Kongo, yule wa ICC aliyeshtakiwa kwa makosa ya askari wake, je? Kamata 2008, hukumu 2016 miaka 18, 2018 rufaa wakasema ooh samahani nenda nyumbani. Miaka kumi ndani. Hiyo "ulitakiwa kujua" ni mpira, mnaivuta mnavyotaka.

Ngumi Jiwe:
Tena mnasahau jambo, jenerali ALIADHIBIWA. Yule mama Karpinski, aliyekuwa kamanda wa magereza ya jeshi la Marekani Iraki, alinyang'anywa ubrigedia akarudishwa ukanali 2005. Ingawa na wao walijitakia, gereza la vita unamkabidhi mama wa watu, ulitegemea nini.

Mama Wawili:
Eti "gereza la vita unamkabidhi mama". Rudia tena taratibu nikusikie vizuri.

Ngumi Jiwe:
Nimesema ukweli, sio kudharau. Kazi zingine zina wenyewe.

Mama Wawili:
Zina wenyewe kina nani? Graner mwenye masharubu ni mama? Frederick ni mama? Jenerali Miller aliyetolewa Guantanamo, gereza lao la Kuba, mwaka 2003 akaja kuwafundisha namna ya kuwakamua wafungwa ni mama? Jenerali Sanchez, mkuu wa majeshi yao Iraki, aliyetia sahihi waraka wa Septemba 14, 2003 unaoruhusu kutumia mbwa kuwatisha watu kwenye mahojiano ni shangazi yako? Katika majenerali wote waliogusa lile gereza ALIYESHUSHWA CHEO NI MWANAMKE MMOJA na wewe unaona hiyo ndio ushahidi wa kwamba wanawake hawawezi. Sanchez alisafishwa akastaafu na nyota zake. Na kingine, Novemba 2003 kambi ilishawekwa chini ya Kanali Pappas wa intelijensia, sasa huyo naye unajua alifanywa nini? Faini dola 8,000 na barua ya karipio. Dola elfu nane! Kwa gereza lile!

Jogoo la Asubuhi:
Uzi umepata mwenyewe 😂 Ngumi Jiwe omba msamaha uende ukalale.

Ngumi Jiwe:
Siombi. Na England je, aliyeshika kamba ya mbwa shingoni mwa mtu, sio mwanamke?

Mama Wawili:
Ni mwanamke na alifungwa. Nani kasema wanawake malaika? Nabishana na wewe kuhusu mama kuwa kamanda wewe unanirukia kwenye kamba. Hata hiyo kamba aliwekewa mkononi na Graner ambaye alikuwa mpenzi wake, na ndiye aliyepiga picha.

Kipanga Mweusi:
Jamani mada.

Chui Mzee:
Kwa hiyo akiwa mwanamke alidanganywa na mapenzi, akiwa mwanaume ni mnyama. Amua moja mama.

Mama Wawili:
Nimeshaamua, alifungwa na alistahili. Soma.

Kalamu Kavu:
Hapo kwa England kuna kitu kizuri kwenye mada ila mtanirukia. Mei 2005 alikiri kosa, halafu Graner akaitwa kutoa ushahidi akasema ile picha ya kamba ilikuwa halali, ya kufundishia. Jaji akasimamisha kila kitu, maana huwezi kukiri kosa huku shahidi wako anasema lilikuwa zoezi la kazi, kesi ikaanza upya Septemba ndio akafungwa. Sasa jiulize, ni kazi gani hiyo ambayo askari anasimama mbele ya jaji anasema kumvuta mtu uchi kwa kamba ni mafunzo na haoni aibu? Hewa ya namna hiyo ilitoka juu. Desemba 2002, mambo ya Guantanamo, Rumsfeld, waziri wa ulinzi wa Marekani wakati ule, alitia sahihi orodha ya mbinu za mahojiano halafu akaandika chini kwa mkono wake kwamba yeye husimama saa 8 hadi 10 kwa siku, kwa nini kusimama kuwekewe mwisho wa saa 4. Utani wa bosi huo. Lakini utani wa bosi ukishafika kwa koplo, njiani umeshageuka amri.

Ngumi Jiwe:
Alisema kusimama, hakusema kuvua watu nguo. Kuruta ambaye hata Geneva haijui iko bara gani ndio alijiongeza. Askari wadogo wengi upeo mdogo, tuseme ukweli.

Mstaafu 77:
Nilikuwa nasoma tu sikutaka kuandika. Kijana, hao wenye upeo mdogo ndio tulikuwa tunalala nje ili wewe ulale ndani. Nimevaa gwanda miaka mingi, sisemi jeshi gani wala wapi. Tuliwahi kulinda watu tuliowakamata, kama arobaini hivi, ndani ya stoo ya mabati. Kulikuwa na daftari la zamu, kila asubuhi ofisa anatakiwa aingie, awahesabu, amuulize kila mtu ana shida gani, asaini. Wetu alikuwa anakuja Ijumaa. Anasaini kurasa saba za wiki nzima akiwa amesimama mlangoni, kalamu moja, wino mmoja, hata mkono haubadiliki. Ndani hakuingia. Alikuwa anajua harufu ya mle, ndio maana hakuingia. Halafu yakatokea yaliyotokea, na alipoulizwa akasema hakuwa na taarifa. Ni kweli hakuwa nayo, alihakikisha hana. Kwa hiyo msiniambie kutokujua ni bahati mbaya, wengine hujipangia wasijue.

Jogoo la Asubuhi:
Duh.

Kalamu Kavu:
Afande heshima yako. Hiyo ndio "ulitakiwa kujua" yenyewe, imenyooka kuliko nilivyoandika mimi. Chui Mzee hapo sheria sio mpira, kuna daftari. Na haibebi kila mtu: kesi ya kambi ya Čelebići, Bosnia, hukumu ya 1998, Mucić aliyekuwa mkuu wa kambi walimtia hatiani kwa yale ya walinzi wake, lakini Delalić wakamwachia kwa sababu haikuthibitika ile kambi ilikuwa chini yake.

Chui Mzee:
Bosnia ndogo ile. Niletee jenerali wa nchi kubwa.

Kalamu Kavu:
Hapo umenipata.

Mama Wawili:
Hata fidia waliyopata Wairaki watatu waliofungwa Abu Ghraib, Novemba 2024, dola milioni 42, iliamriwa ilipwe na CACI, kampuni iliyopeleka wahojaji. Jeshi lenyewe halikuguswa. Miaka ishirini.

Ngumi Jiwe:
Sawa, Mstaafu naheshimu. Ila nikuulize, wewe na wenzako si mlikuwa mnaona? Mbona hamkusema? Yule Darby, askari mwenzao kina Graner, alisema. Alipewa sidii za picha na Graner mwenyewe akazipeleka kwa wapelelezi Januari 2004. Askari mdogo vilevile, na upeo alikuwa nao.

Jogoo la Asubuhi:
Darby aliahidiwa jina lake halitatajwa, halafu Rumsfeld akaenda kulitaja mbele ya Kongresi, Mei 2004, kwenye tivii laivu, mwenzake bado yuko kazini Iraki. Ukisikia kuchomeshwa ndio huko.

Chui Mzee:
Mimi Darby simwelewi. Umekula na watu, umelala nao handaki moja, halafu unapeleka picha zao kwa siri.

Mama Wawili:
Kwa hiyo angezificha?

Chui Mzee:
Angewaambia kwanza uso kwa uso.

Mama Wawili:
Uso kwa uso na watu wenye silaha saa nane za usiku. Una utani wewe.

Mstaafu 77:
Ngumi Jiwe umeuliza swali la haki. Lile daftari chini ya sahihi ya ofisa kuna mstari wa mlinzi wa zamu. Ijumaa ile na mimi nilisaini saba.

Kipanga Mweusi:
Afande pole. Ila nisaidie kidogo nimjibu jamaa yangu, yule ofisa wenu alifanywa nini?

Mstaafu 77:
Alipelekwa kozi. Akarudi na cheo.

Mama Wawili:
Na Ngumi Jiwe bado nakusubiri kwenye ile ya mama.