Fulham: mtoto wa tajiri ndo mkurugenzi wa soka, hivi shida ni takwimu au ni undugu?

chama_la_thames

Wakuu habari za jioni. Najua humu wengi wenu ni Arsenal na Man U, mtanicheka ila poa tu, mi chama langu ni Fulham ya London, nilianza nao ile Machi 2010 walipomtandika Juventus 4-1 na Dempsey akaudokoa ule mpira ukampita kipa huku anauangalia, basi nikabaki huko huko, kijiweni niko peke yangu hata wa kubishana naye simpati.

Swali langu ni hili. Timu ni ya mzee Shahid Khan, yule Mmarekani mwenye asili ya Pakistan, tajiri wa vipuri vya magari, aliinunua 2013 kwa Al-Fayed. Tangu 2017 anayeshika usajili ni mwanae, Tony Khan, ni makamu mwenyekiti na hapo hapo ndo mkurugenzi wa soka, na ni mtu wa takwimu kwelikweli, ana mpaka kampuni yake ya kuchakata data za michezo. Utaratibu wake ni wa maboksi mawili, mchezaji hasajiliwi mpaka boksi la takwimu lipigwe tiki na boksi la makocha na maskauti nalo lipigwe tiki. Kwa maneno ni safi kabisa. Ila makocha wanapanda na kushuka kama abiria wa daladala, Jokanović kashuka, Ranieri kashuka, Parker kashuka, yeye yupo tu kwenye siti yake. Sasa mnaojua haya mambo, zinazokosea ni namba au ni kwamba dogo ni damu ya mwenye mali? Nina ubishi wa soda hapa na jamaa.

mzee_wa_kona

Mkuu kanywe soda yako, shida ni damu.

We kumbuka 2018. Wamepanda kwa bao la Cairney pale Wembley dhidi ya Villa, timu inacheza mpira mtamu kuliko hata wengi wa ligi kuu, wakaenda sokoni kama mtu aliyeshinda bahati nasibu, zaidi ya pauni milioni 100, na hakuna timu iliyopanda daraja iliyowahi kufika huko kabla yao. Wapya 12! Seri, Mawson, Schürrle, Mitrović aliyekuwa wa mkopo wakamnunua jumla, siku ya mwisho ya dirisha wanaingia tena akina Anguissa, Rico na Joe Bryan, yaani kocha anapewa watu ambao hata majina yao hajayashika vizuri. Mechi 12 pointi 5, kibarua cha Jokanović kikaota nyasi Novemba. Akaja Ranieri, Februari naye kafungashiwa virago. Msimu umeisha wamefungwa mabao 81, nafasi ya 19, chini.

Sasa mimi najiuliza kitu kimoja, wale 12 alitia saini kocha peke yake? Maboksi yalikuwa mawili lakini aliyefukuzwa ni wa boksi moja tu.

Na ile ya Septemba 2020, wamekula 3-0 nyumbani na Villa, usiku ule ule Tony kaingia Twita anaomba radhi kwa mashabiki na kuahidi kwamba mabeki wanakuja. Hebu fikiria wewe ni beki wa ile timu, umetoka kuoga, unafungua simu unakuta mkurugenzi wako anatangazia dunia kwamba anatafuta mwingine.

hesabu_si_uchawi

Mzee wa kona unamuonea dogo kidogo. Huyo Anguissa mlimwita garasa, si ndio? Akaenda Napoli, kachukua ubingwa wa Italia 2023, kachukua tena 2025. Maana yake kompyuta ilimwona vizuri tu. Ila namba zinakwambia huyu mchezaji ni mzuri, hazikwambii ukiwaingiza 12 kwa mpigo nani atampigia nani kelele kwenye kona, hilo ni swali lingine na kulikuwa hakuna wa kuliuliza, au aliyekuwepo aliogopa kuliuliza maana anayeulizwa ni mtoto wa mwenye timu.

Angalia Brentford. Mwenye timu ni Matthew Benham, hela yake imetoka kwenye hesabu za kubeti, data ni dini kwake. Alivyompa timu Thomas Frank 2018, jamaa akapoteza mechi 8 kati ya 10 za mwanzo. Kwetu huyo angeshavuka mpaka. Wao wakaangalia namba zao, nafasi wanazotengeneza, nafasi wanazoruhusu, wakaona timu inacheza vizuri kuliko matokeo, wakamwacha, na huyo huyo akawapandisha 2021. Mnaelewa tofauti? Pale data ilimlinda kocha. Fulham data ilinunua wachezaji, halafu mambo yalivyoharibika wakafanya uamuzi ule ule wa timu isiyo na hata kikokotoo.

Ila mpira una kejeli bana, fainali ya plei-ofu 2020, ule mchujo wa kupanda ligi kuu, ilikuwa Fulham na Brentford, Fulham wakashinda 2-1 muda wa nyongeza, mabao yote mawili Joe Bryan, huyo huyo wa siku ya mwisho ya dirisha. Beki wa kushoto! Ile frikiki aliipiga kutoka mbali kipa akiwa amesogea anasubiri krosi.

bongo_mpaka_florida

Niko huku Florida nawaongezea kidogo maana hii familia naijua kwa timu yao nyingine, Jacksonville Jaguars, ile futiboli ya kwao ya kukimbia na mpira mkononi. Mzee aliichukua mwanzoni mwa 2012 na hapo hapo Tony akapewa kitengo cha teknolojia na takwimu. Misimu mitano ya kwanza walishinda mechi 17 kati ya 80, sio utani. Ila sema huku kuna meneja mkuu ambaye ndo anachagua wachezaji, ofisi ya Tony inapeleka makaratasi tu, kwa hiyo watu hawakumlaumu sana yeye. London kapewa karatasi na kalamu ya kusaini. Halafu tangu 2019 ana kampuni ya mieleka, AEW, na mwenyewe ndo anapanga nani apigane na nani, Agosti 2023 walijaza Wembley. Mi sijui analala saa ngapi.

mama_stoo

Kaka zangu mpira nautazama kwa sababu ya mume wangu tu lakini hii stori naijua sana jamani, niliwahi kuiishi. Nilikuwa natunza stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, silitaji, mzee mwenyewe mtu mzuri. Mwanae akarudi kutoka masomoni na laptopu, akatuchorea Ekseli ya rangi, kijani nunua nyekundu usinunue. Na niseme ukweli ilitusaidia, misumari na saruji haikuwahi kutuishia tena. Kisha ikamwambia vigae vya rangi ya maziwa vinakwenda kwa kasi, akaagiza kontena zima. Kumbe vilikwenda kasi kwa sababu kuna hoteli moja ilikuwa inajengwa pale jirani, na mimi nilijua imeshaezekwa na kumalizika, lakini hakuna aliyeniuliza na mimi sikuthubutu, utamwambiaje mtoto wa mzee mbele ya mzee? Vigae vikalala. Kikao kilipoitishwa aliyeulizwa kwa nini stoo imejaa ni mimi.

Kwa hiyo huyo kocha wa boksi la pili namwelewa sana. Tiki unaipiga huku unaangalia mlango.

chama_la_thames

Dada mama stoo umeniua 😂 ila umenisaidia kuliko wote.

Sasa hapa ndo nachanganyikiwa. Kaja Marco Silva 2021, Tony yule yule, maboksi yale yale, wakabeba Championship, ligi ya daraja la pili, na mabao 106, Mitrović peke yake 43. Wakarudi ligi kuu wakamaliza wa 10, mwaka uliofuata wa 13, 2025 wa 11 na pointi 54. Palhinha wamemnunua kama milioni 20 wakamuuza Bayern kwa zaidi ya mara mbili. Kama undugu ndo sumu mbona haiui tena?

hesabu_si_uchawi

Kwa sababu sasa wa boksi la pili ana ubavu. Silva kiangazi cha 2025 alilalamika waziwazi mbele ya waandishi kwamba klabu inachelewa sokoni, akaamka kesho yake na kazi yake, na dirisha linafungwa akaletewa Kevin kutoka Shakhtar kwa bei ya rekodi ya klabu. Jokanović alipokuwa ananung'unika juu ya usajili alionekana mkorofi. Halafu angalia wanavyonunua, hawaingizi tena basi zima, wanaongeza watatu wanne juu ya timu iliyopo, na wengi ni watu wazima walioshacheza, akina Leno, Willian. Kompyuta haihitajiki sana kukwambia Leno ni kipa.

mzee_wa_kona

Bado nasema damu. Silva siku akipoteza mechi nane kati ya kumi tuonane hapa tuone nani anashuka kwenye daladala.

chama_la_thames

Haya soda nimeigawa nusu kwa nusu na jamaa. Dada mama stoo, yule kijana wa laptopu bado yupo dukani?

mama_stoo

Yupo. Na vigae vipo, kama unajenga nikuunganishe.