"Nani alikuruhusu kushika nyota?" Niulizwe hivyo mbele ya watu, Kisumu hii?

MtuWaKondele: Wadau, nimetoka mkutanoni sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Mnamjua mkubwa wetu wa kazini. Kila aliyewahi kuandika programu mji huu anamjua, yule wa miwani ya jua ndani ya nyumba na "mimi nilianza kabla yenu". Leo ameniuliza, mbele ya wanafunzi wa mafunzo na mteja aliyepanda matatu ya alfajiri kutoka Busia: "Nani alikuruhusu kushika nyota?"

Nyota, yaani alama hii *, ameishika YEYE!

Sikizeni. Kila jioni mkubwa huyu huandika git rm *.csv kwenye folda kuu (amri ya Git, programu inayotunza historia ya faili, ya kufuta kila faili yenye jina linaloishia .csv), aondoe faili za matokeo ambazo watu humwaga pale. Siku zote csv huwa zipo, kwa hiyo Bash, programu inayopokea amri unazoandika, huipanua nyota yenyewe kabla Git haijaona kitu. Git hupewa majina ya faili za folda hiyo tu, inaziondoa, basi. Leo hapakuwa na csv hata moja, kwa sababu nilizihamishia data/ kama yeye mwenyewe alivyoniagiza. Na Bash isipopata kinacholingana haisemi neno, huipitisha nyota vile ilivyo. Hapo ndipo Git inaisoma yenyewe, na nyota ya Git huvuka mikwaju, zile / zinazotenganisha folda. Iliingia data/, ikaingia folda za ndani ya data/, ikafagia rekodi zote za uzani wa miwa. Bila hata -r, ile ya kuamuru folda ifutwe na vilivyomo! Mistari ya rm 'data/... iliteremka kwenye skrini kubwa kama mvua ya Kakamega ya saa tisa. Mteja anasoma, wanafunzi wanasoma, mama wa chai amesimama na birika anasoma. Yeye hasomi! Akaandika git commit kuuhifadhi ufutaji huo, akaandika git push kuutuma kwenye hifadhi ya pamoja, akanigeukia: "Nani alikuruhusu kushika nyota?"

Nimekasirika mpaka ziwa zima limepata joto.

Omera_wa_Dunga: Pole omera. Lakini si kila kitu kiko kwenye historia? git checkout HEAD~1 -- data inazirudisha zilivyokuwa kabla ya commit yake, mambo yaishe.

MtuWaKondele: Nilizirudisha kabla chai haijapoa! Faili si hoja. Hoja ni "nani alikuruhusu". Mteja alicheka. ALICHEKA.

Kijana_wa_Lurambi: Na mvua yetu imekukosea nini?

MsomaMwongozo: Mwongozo wa git rm una mfano huo huo: Documentation/\*.txt, wenye mkwaju wa nyuma kabla ya nyota ili Bash isiiguse, na unasema wazi itaondoa mpaka za folda za ndani. Angeweka -n kwanza, Git ingemwonyesha orodha bila kufuta kitu. Au angeandika ':(glob)*.csv' ndani ya alama za kunukuu, hapo nyota haivuki mkwaju. Lakini kusoma ni kazi ya wadogo, sivyo?

MtuWaKondele: Asante ndugu! Na huyu ndiye anayeniuliza mimi ruhusa ya nyota!

Laptop_ya_Milimani: Angekuwa na Mac hili lisingetokea. Tangu 2019 Mac mpya hutumia zsh badala ya Bash, na zsh isipopata faili inayolingana inakataa amri papo hapo. Git haiambiwi chochote.

Mtu_wa_Bungoma: Watu wazima wanalilia kinyota. Endeleeni.

MtuWaKondele: Hukuwepo! Ungekuwa umesimama pale, skrini nyekundu, mteja anacheka, mtu anakunyoshea kidole cha nyota, usingeandika hivyo.

Binti_Nakuru: Kaka yangu, wako ana nafuu. Wangu huku Nakuru aliweka data/ kwenye .gitignore, orodha ya vitu vya kupuuzwa na Git, chini yake akaweka !data/bei.csv, yaani "isipokuwa hii", akaapa faili hiyo itaonekana. Nikamwambia ukifungia folda nzima Git haichunguli ndani, kwa hiyo alama ya mshangao haiokoi kitu. Andika data/* halafu ndiyo uitoe bei.csv. Akaniambia niache ujuaji. Wiki nzima tukaitafuta bei.csv kwenye repo, hazina ya mradi, kama wachawi, na mwishowe akasema mimi ndiye niliyeificha.

MzeeWaMercurial: Nyie watoto wa Git mnadeka. Sisi wa Mercurial (hg) kwenye .hgignore, orodha yetu ya kupuuza, usipoandika syntax: glob juu, kila mstari husomwa kama regex, lugha ya ruwaza ambamo nyota haiwezi kuanza. Mtu aliniwekea *.pyc tupu, hg ikagoma kwa kila mtu ofisini, akasema eti kompyuta yangu ni ya zamani. Kompyuta yangu!

Binti_Nakuru: Mzee, shikamoo, lakini nani bado anatumia hg?

MzeeWaMercurial: Marahaba. Watu wenye adabu.

MtuWaKondele: Turudi kwenye nyota tafadhali. Alisema "nani alikuruhusu"...

Kijana_wa_Lurambi: Afadhali nyota. Mimi stima ilikatika katikati ya push, ikarudi na nguvu ya ajabu, chaja ikatoa moshi.

Mtu_wa_Bungoma: Hata huku! Friji ya jirani ilipiga kelele usiku mzima, hatukulala.

Laptop_ya_Milimani: Kijana, hiyo chaja ilikuwa asili au ya barabarani?

Kijana_wa_Lurambi: Asili! Kesho Jumapili niko Kisumu, kuna fundi anayefungua?

Omera_wa_Dunga: Nenda soko la Kibuye, Jumapili ndiyo siku yenyewe. Fika mapema, na usikubali bei ya kwanza.

MtuWaKondele: Wadau, mimi bado niko hapa.

Binti_Nakuru: Omera, kwani Kibuye wanauza pia betri za HP?