Kutoka CNC ya 6040 kwenda mashine kubwa ya kukata chuma nyumbani: nichague ipi?

Karakana ya Kihonda

Ndugu mafundi, salaam. Nina karakana ndogo nyumbani, Morogoro, na mashine ninayotumia ni CNC (inayoongozwa na kompyuta) ya aina ya 6040, yenye eneo la kazi la milimita 600 kwa 400 na spindo (sehemu inayozungusha kikatio) ya kilowati 1.5 inayofikia mizunguko 24,000 kwa dakika. Kwa mbao, plastiki na bamba za aluminiamu imenitosha kabisa. Lakini wateja wanaoongezeka sasa ni wenye mashine za kusaga nafaka na pampu za maji, nao wanahitaji flanji, puli na mabano ya chuma. Hapo mashine inatetemeka, uso wa kazi unatoka na mawimbi, na endmili (vikatio vya milingi) zinavunjika hata ninapokata nusu milimita tu.

Ninafikiria njia mbili. Ya kwanza ni mashine ya milingi ya mezani ya kilo 165 hivi, yenye mota ya kilowati 1, ambayo nitaifungia mota za stepa (zinazozunguka kwa hatua ndogo ndogo) na skrubu za mipira (zenye mipira midogo ndani ya nati). Ya pili ni mashine ya goti (ambayo meza yake hubebwa na goti linalopanda na kushuka) iliyotumika, ya aina ya Bridgeport, inayokaribia tani moja. Umeme wangu ni wa fezi moja. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba meza ya ile ndogo ni fupi kuliko niliyonayo, na sipendi kulipa pesa nyingi ili nipate nafasi ndogo zaidi. Naomba ushauri wenu.

Mkerezaji wa Tanga

Ndugu yangu, kwa kazi ya chuma ukubwa wa meza uuangalie mwisho. Anza na mwendo wa kikatio. Endmili ya kabaidi ya milimita 10, ikikata chuma laini kwa mita 100 kwa dakika, inahitaji mizunguko 3,200 hivi. Spindo yako inatoa kilowati 1.5 pale tu inapofika 24,000. Ukiishusha hadi 3,200 nguvu nayo inashuka kwa uwiano uleule, na unabaki na wati 200. Kwa kuwa kilowati moja huondoa takriban sentimita 20 za ujazo za chuma kwa dakika, wewe unabaki na 4, na hapo sijagusa suala la fremu ya aluminiamu inayopinda kila kikatio kinapouma. Mashine ya kilo 165, ambayo mwili wake ni chuma cha kusubu na mota yake imepangiwa mwendo huo mdogo, itakufanyia flanji hizo bila mtetemo unaouona sasa.

Kuhusu Bridgeport, ni mashine ninayoiheshimu sana kwa kazi ya mkono. Hata hivyo, watu wengi wanapoigeuza kuwa CNC huliacha goti limesimama na kuendesha kwili (sehemu ya kichwa inayoshusha spindo) peke yake, ambayo husafiri milimita 127 tu. Ukishafunga jiliwa, kisha ukabadilisha kutoka endmili fupi kwenda keekee ndefu, urefu huo unaisha mapema, na utalazimika kushusha goti na kupima sifuri upya katikati ya kazi. Kama unataka mashine nzito kweli, tafuta ile ambayo kichwa chote hupanda na kushuka kwenye nguzo, hata kama ni CNC ya zamani iliyokufa elektroniki. Mwili ukiwa mzima, unaondoa vidhibiti vya zamani na kuweka kompyuta yenye LinuxCNC, programu ya kuongozea mashine.

Fezi Tatu

Naongezea upande wa umeme, kwa sababu ndipo wengi hukwama baada ya kununua. Ukipata mashine yenye mota ya fezi tatu, inverta ya kubadili masafa inaweza kuiendesha kwa fezi moja ya volti 230, lakini itakachotoa ni fezi tatu za volti 230, wala si 400. Kwa hiyo soma kibao cha mota kabla ya kutoa pesa: kikiandikwa 230/400, unaifunga kwa delta (muunganisho wa pembetatu) na inafanya kazi; kikiandikwa 400/690, mota hiyo haitatoa nguvu yake kwa umeme wako. Usiweke swichi ya kuwasha na kuzima kati ya inverta na mota, bali amri zote zipitie kwenye inverta yenyewe, na ithi ya karakana iwe ya uhakika.

Jambo jingine ni kukatika kwa umeme. Mota za stepa zikipoteza umeme, mashine haijui tena ilipokuwa. Funga swichi za mwanzo (zinazoionyesha mashine mahali pa kuanzia) katika mihimili yote mitatu, tena zile zinazorudia nafasi ileile kila mara, ili uweze kuendelea na kazi badala ya kuitupa.

Karakana ya Kihonda

Nawashukuru sana. Kuna milingi ya CNC ya zamani ya aina hiyo ya kichwa kinachopanda inauzwa hapa mjini, na mwenyewe amekubali nikaikague. Nianze kuangalia nini?

Mkerezaji wa Tanga

Nenda na saa ya kupimia yenye kishikio cha sumaku. Meza huchakaa zaidi katikati, kwa kuwa ndipo kazi nyingi hufanyika, hivyo isogeze hadi mwisho wa kila upande na usikilize mkono wako: ikiwa laini katikati na nzito kwenye ncha, kuna mtu aliyeikaza meza ili kuficha ulaji. Kisha gusisha saa kwenye meza, zungusha skrubu mbele, rudisha nyuma, na usome plei, yaani nafasi ya mchezo kati ya skrubu na nati. Plei kwenye skrubu inatibika kwa kubadilisha nati au skrubu yenyewe, lakini njia za mtelezo zilizolika zinahitaji kukwanguliwa upya, kazi ambayo itakugharimu kuliko mashine yenyewe. Mwisho, gusisha saa ndani ya tundu la spindo na uizungushe kwa mkono. Sindano ikicheza zaidi ya sehemu mbili za mia za milimita, dai bei ya beringi mpya ipunguzwe kwenye mauzo. Pima pia upana wa mlango wako kabla ya kuita gari.