Naomba ushauri: tunashushwa na ndege ndogo porini Alaska kuwinda musi, mzigo wangu umezidi kilo 11

Mtafuta_Nyayo (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu. Mimi na shemeji yangu tumejichanga miaka mitatu kwa ajili ya safari moja, na Septemba hii inatimia. Tunakwenda Alaska kuwinda musi, yule mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu mwenye pembe pana kama sinia. Ndege ya maboya aina ya Beaver itatushusha kwenye ziwa moja magharibi ya safu ya milima ya Alaska Range na kutuacha siku nane. Hakuna barabara, hakuna mtandao wa simu, na kiongozi hatuna. Tutakuwa wawili tu.

Rubani ametupa kikomo cha pauni 50 kila mtu, yaani kama kilo 23, bunduki haihesabiwi. Jana usiku nimepima mzigo wangu: kilo 34. Nimefungua, nimefunga, nimefungua tena. Kila ninachokishika naona nitakihitaji.

Kwa kifupi nina hema la watu wawili (shemeji naye ana lake), begi la kulalia la manyoya ya bata, jiko na sufuria, vyakula vya makopo vya siku nane, jinzi mbili na majaketi ya pamba, buti pea mbili, darubini, kamba kidogo, visu viwili, na sanduku gumu la bunduki ambalo peke yake ni kilo 6. Mifuko ya nyama tutanunua minne.

Waliowahi kushushwa porini namna hii, naomba mnisaidie. Nipunguze nini, na nini nisithubutu kukiacha?

Mzee_wa_Ziwani

Kijana, kabla ya mizani nijibu jambo moja: nyie ni wakazi wa Marekani? Nauliza kwa sababu sheria ya Alaska inamtaka raia wa kigeni asiye mkazi wa Marekani awe na kiongozi mwenye leseni kwa kila mnyama mkubwa, musi akiwemo. Kwa mkazi wa majimbo mengine kiongozi, au ndugu wa karibu aliye mkazi wa Alaska, ni lazima kwa dubu wa kahawia, kondoo wa Dall na mbuzi wa milimani. Musi mnaweza kumwinda wenyewe, mradi mna leseni (dola 160) na lebo ya musi, ile ya kumfunga mnyama mkishampata (dola 800).

Mtafuta_Nyayo

Asante mzee wangu. Wote wawili ni wakazi wa Marekani, ila si wa Alaska. Leseni na lebo tumeshalipia.

Mzee_wa_Ziwani

Vizuri. Sasa nisikilize. Umepima mzigo wa kwenda. Wa kurudi umeupima?

Dume kubwa la musi linatoa kama kilo 230 za nyama. Paja moja la nyuma likiwa na mfupa linaweza kupita kilo 45. Chukua kwamba umemwangusha kilomita moja na nusu kutoka ziwani na mgongoni unabeba kilo 30 kila safari. Hizo ni safari nane za nyama tupu, na ukijumlisha kwenda na kurudi ni kilomita 24. Mkigawana, kila mmoja 12, kwenye mafungu ya majani juu ya matope ambako mguu haupati pa kukanyaga. Pembe bado, na mifupa sijaihesabu. Sehemu nyingine sheria inataka nyama ya miguu na mbavu ibaki kwenye mfupa mpaka itoke porini, kwa hiyo soma kanuni za eneo lenu kabla hamjaondoka.

Kwa nini nasema haya kwenye uzi wa mizigo? Kwa sababu kwenye orodha yako sijaona fremu ya kubebea nyama. Umeandika buti pea mbili na jinzi mbili, lakini chombo cha kutolea kilo 230 porini hukukiandika. Kuacha nyama ni kosa kubwa kule: shingo, kidari, mbavu, mikono, mapaja na nyama ya mgongo, vyote lazima vitoke. Pembe nazo haziruhusiwi kutangulia nyama. Zinatoka na shehena ya mwisho au baada yake. Mkishaona dume, jiulizeni kwanza mko mbali kiasi gani na maji. Mimi dume lililo zaidi ya kilomita mbili silipigi, hata liwe na pembe za namna gani.

Dada_Turubai

Mzee amenena. Mimi nitasema kuhusu mifuko ya nyama maana hapo ndipo nilipoumia.

Minne haitoshi, kaka. Musi mmoja anataka minane hadi kumi, ya kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Safari yangu ya kwanza mifuko ilituishia, tukatia nyama ya shingo na mbavu kwenye mifuko ya plastiki tuliyofungia nguo. Siku ya pili ilikuwa inanuka. Plastiki inafungia joto na unyevu ndani, na nyama ya mnyama mkubwa huchukua muda mrefu kupoa. Tuliinamisha vichwa tukiitazama. Mnyama yule alikuwa ametupa uhai wake, na sisi tukashindwa kumtunza kwa sababu ya mifuko isiyofika hata kilo moja. Mpaka leo nikifunga mzigo, mifuko ya nyama ndiyo naiweka mwanzo kabisa.

Beba pia turubai jepesi la pili, kamba mita 30 hivi, na pakiti ndogo ya unga wa asidi ya sitriki. Nyama ikipoa, changanya unga na maji unyunyize juu, inafukuza nzi. Itundike au ilaze juu ya magogo ili hewa ipite chini, turubai juu kuzuia mvua, pembeni acha wazi.

Na isikae karibu na hema. Isikae karibu na matumbo pia. Iweke mahali unapoweza kuiona kwa darubini kutoka mbali, na kila ukirudi kuchukua mzigo mwingine simama kwanza uangalie. Dubu akishaikalia, imekuwa yake.

Rubani_Mstaafu

Nimeendesha ndege za maboya miaka mingi, niongeze ya upande wetu.

Beaver ya maboya hubeba kama pauni 1,000 hivi, kutegemea mafuta aliyojaza rubani, na ninyi wawili mmo humo humo. Rubani atawapima na ninyi mkiwa na buti miguuni. Kikomo cha pauni 50 msikione kama ukali wake. Ziwa dogo lina urefu wake, na ndege nzito inahitaji maji marefu ili iruke. Mkifanikiwa kupata dume mkubwa itabidi arudi mara ya pili, kwa hiyo mwulizeni sasa safari ya nyama inalipwaje. Msisubiri mpaka mko ufukweni.

Sanduku gumu la bunduki ni la ndege kubwa ya abiria tu. Huko ni lazima: bunduki tupu, sanduku limefungwa kwa kufuli, umeitangaza kaunta, na risasi zisizidi kikomo cha shirika lenu, mengi ni kilo 5. Ukifika kituo cha ndege ndogo unaliacha hapo na bunduki inaingia kwenye ala laini. Hizo kilo 6 zimeshaondoka.

Vitu vyote viwe kwenye mabegi laini madogo madogo yasiyopitisha maji. Begi moja kubwa refu linanitesa kulipanga. Mabegi matano madogo nayajaza kwenye kila kona. Kopo la dawa ya pilipili ya dubu na gesi ya jiko haviruhusiwi kabisa kwenye ndege ya abiria, hata kwenye mizigo ya chini. Nunueni mkishafika, na kopo la dubu mkabidhini rubani mkononi. Likifyatuka ndani ya ndege nikiwa angani, sioni tena. Wengi wetu tunaliweka ndani ya boya.

Na siku mtakayoshuka bunduki zikae. Kisheria hamruhusiwi kuwinda mpaka saa 9 usiku wa kuamkia kesho yake. Itumieni kujenga kambi.

Kambi_Imara

Mkuu, hilo begi la manyoya ya bata mimi nisingelibeba. Manyoya yakilowa hayahifadhi joto. Septemba kule mvua inanyesha siku nne mfululizo huku joto likiwa nyuzi chache tu juu ya sifuri. Chukua la nyuzi za viwandani. Jinzi na pamba zote ziache nyumbani. Vaa sufu au nguo za sintetiki, na koti la mvua lililo imara kwelikweli. Soksi za sufu pea nne.

Dada_Turubai

Hapo kwenye begi tutofautiane kidogo, Kambi. La manyoya ni jepesi sana, na ukilifunga ndani ya mfuko usiopitisha maji linafika kavu. Mimi natumia la manyoya mwaka wa sita. Hatari ni hema linalovuja, na hilo ndilo la kukaguliwa. Lakini jinzi, naam, ziache.

Kambi_Imara

Sawa dada, kwa mtu mwenye uzoefu nakubali. Kwa anayekwenda mara ya kwanza bado nasema la sintetiki.

Jambo ambalo hakuna aliyeligusa ni siku za kusubiri. Umesema chakula cha siku nane. Ndege haiji kwa sababu kalenda imesema. Inakuja hali ya hewa ikiruhusu. Tulikaa siku nne zaidi baada ya tarehe yetu, ukungu umeshika ziwa, tunasikia injini mbali halafu inageuka. Siku ya tatu tulikuwa tunagawana kikombe kimoja cha uji wa shayiri. Makopo acha yote, ni maji unayobeba bure. Chukua chakula kikavu cha kumwagia maji moto, kama gramu 700 kwa siku, kwa siku 11. Utapata kilo 7.7.

Na mawasiliano. Kifaa cha ujumbe cha setilaiti, kama inReach, chenye kitufe cha dharura. Washeni huduma yake na mjaribu kumtumia rubani ujumbe kabla ya kuondoka mjini. Ndicho kilichotutuliza zile siku nne, maana alikuwa anatuandikia kila asubuhi jinsi hali ya hewa ilivyo. Betri zilale nawe ndani ya begi la kulalia; baridi inazinyonya.

Mtafuta_Nyayo

Nimesoma kila mstari mara mbili, na shemeji amesoma. Tulikaa sakafuni mpaka usiku.

Sanduku linabaki kituoni: kilo 6. Makopo yalikuwa kilo 11.2, na chakula kikavu cha siku 11 ni 7.7, kwa hiyo nimepata 3.5. Jinzi, majaketi ya pamba na buti za pili: 2.5. Tutalala hema moja, lake, na langu linabaki: 1.5 baada ya kugawana uzito wa lake. Nimefika 20.5. Nikaongeza sehemu yangu ya mifuko kumi, kamba na turubai la pili, kilo 2.1. Jumla 22.6. Fremu niliyokuwa sijaiandika ndiyo hiyo hiyo begi langu la mgongoni, ina kirafu cha kushikilia nyama na imo kwenye hesabu. Begi la kulalia nimeazima la sintetiki, uzito karibu sawa.

Mzee, nina swali la mwisho. Dume halali ni lenye pembe za inchi 50 au lenye matawi ya kutosha ya mbele. Kwa macho nitajuaje?

Mzee_wa_Ziwani

Kanuni ya maeneo mengi kwa asiye mkazi ni inchi 50, sawa na sentimita 127, au matawi ya paji, yaani yale ya mbele juu ya uso, matatu au manne upande mmoja, kutegemea eneo. Usikisie upana. Subiri ageuze uso, hesabu matawi ya paji kwa darubini, kisha mpe shemeji darubini ahesabu bila kumwambia wewe umepata mangapi. Hesabu zenu zikitofautiana, mwacheni aende zake.

Na ziba mdomo wa bunduki kwa kipande cha utepe wa gundi wa mafundi umeme, mvua isiingie. Kabla ya kupanda Beaver pigeni risasi mbili tatu kwenye uwanja wa shabaha pale mjini, maana mizigo ya ndege kubwa inagongwa na lenzi ya kulengea inahama.

Rubani_Mstaafu

Kilo 22.6 rubani wako atafurahi. Pima tena asubuhi ya kuondoka, nguo zikishachukua unyevu wa mjini.

Mtafuta_Nyayo

Nitapima. Mizani tunaibeba mpaka kituoni. Tukirudi nitaandika hapa hapa kilichotumika na ambacho hakikuguswa.