Nguvu ya ndani wakati wa janga: tulizaliwa nayo au tuliizoea?

Mkaazi wa Kibokoni anauliza:

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Tarehe 6 Mei 2020, katikati ya Ramadhani, Serikali ya Kenya, ili kuzuia korona, ilipiga marufuku kuingia na kutoka Mji wa Kale, Mombasa, sawa na ilivyofanya Eastleigh kule Nairobi. Misikiti ilikuwa imekwisha kufungwa, tarawehe zikiswaliwa majumbani, na kafyu ya usiku ilikuwa ikiendelea tangu tarehe 27 Machi. Katika majuma yale niliona jambo ambalo hadi leo sijalipatia maelezo. Baadhi ya watu niliowadhania kuwa imara, wenye elimu, akiba na nyumba pana, walivurugika kwa hofu na upweke, ilhali wengine ambao riziki yao ni ya kubahatisha walibaki watulivu, wakasomesha watoto na kupelekeana futari mlango kwa mlango. Sizungumzii uchaji Mungu peke yake, kwani miongoni mwa waliotulia walikuwamo hata wasioswali. Je, janga hufichua tabia aliyokuwa nayo mtu tangu mwanzo, au utulivu ule ulijengwa zamani kwa mazoea bila mwenyewe kutambua?

Mama wa Temeke:

Wa aleikum salaam. Ninaegemea upande wa mazoea, ingawa hali yetu Dar es Salaam ilikuwa tofauti na yenu. Shule zilifungwa mwezi Machi, lakini masoko na nyumba za ibada ziliendelea, na baada ya mwisho wa Aprili 2020 idadi ya wagonjwa haikutangazwa tena kwa zaidi ya mwaka mmoja. Hofu yetu kwa hiyo haikuwa na kipimo. Kila mtu alihesabu misiba ya mtaani kwake. Kilichotushikilia ni kuwa na la kufanya: kujaza ndoo ya maji tiririka mlangoni, kutafuta mikaratusi na michaichai, kupiga nyungu, yaani kujifukiza kwa mvuke wa majani hayo. Sidai kwamba mvuke ule uliponya UVIKO-19, na kujifunika shuka moja na mgonjwa ni jambo ambalo daktari yeyote angelikemea. Lakini aliyezoea kuuguza watu nyumbani alijua mikono yake iende wapi, na aliyezoea kulipia kila huduma alibaki ameishika simu.

Kibarua wa Likoni:

Kwa heshima zote, huenda utulivu mnaousifu ulikuwa uchovu tu. Siku ya kwanza ya kafyu, abiria waliokuwa wakisubiri kivuko cha Likoni warudi makwao walirushiwa mabomu ya machozi kabla hata ya saa moja ya usiku kufika. Anayeishi kwa ujira wa kutwa hana nafasi ya kuchunguza nafsi yake. Analala kwa sababu kesho lazima atoke.

Msomaji wa Butembo:

Nichangie kutoka Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2,200. Mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilivamiwa na kuchomwa moto. Anayetaka ushahidi kwamba binadamu ni kiumbe wa hofu na ghasia ataupata hapo. Lakini katika miji hiyohiyo, watu waliopona Ebola, kwa kuwa miili yao ilikuwa imepata kinga, waliingia kulea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa, watoto ambao hata shangazi zao waliogopa kuwapakata. Kwa hiyo siamini kwamba asili ya mtu ndiyo inayoeleza mambo haya. Raia wa mji jirani wa Beni walikuwa wakichinjwa na makundi yenye silaha kwa miaka kadhaa bila kuona msaada wa maana, kisha ugonjwa ulipokuja, magari na fedha vikamiminika. Shaka yao ilikuwa na historia. Ningeuliza kwanza mtu alimwamini nani, ndipo niulize alikuwa na moyo gani.

Mkaazi wa Kibokoni:

Ndugu wa Likoni, nimekuelewa. Nilisema utulivu pasipo kuuliza ulitokana na nini. Hata hivyo, hoja ya Butembo hainitoshi. Waliopona huko walirudi mitaani wakakwepwa na majirani, wengine hawakupewa hata mkono. Ikiwa nguvu hutokana na kuaminiana, wao waliitoa wapi ya kurudi wodini kulea mtoto wa mtu ambaye pengine ndiye aliyewakwepa?

Msomaji wa Butembo:

Swali ni la haki, na sina jibu moja. Baadhi yao husema kwamba waliwahi kulala mahali pale wakisubiri kufa, wakajua ni uso wa namna gani mgonjwa hutamani kuuona. Niongeze jambo ambalo wasimulizi wa habari njema hulificha: kazi ile ilikuwa na malipo, na aliyefiwa na mume na kukosa wateja sokoni aliyahitaji. Sioni kwamba mshahara unaipunguzia thamani huruma ile, lakini ukiutoa kwenye simulizi utamgeuza mwanamke yule kuwa malaika, naye alikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa.