Fuso ya shamba kuvuta karavani kutoka Mwanza hadi Lamadi: naombeni ushauri

mkulima_kisesa

Wakuu, habari za leo.

Nina Fuso ya zamani, injini 6D14, ambayo kazi yake ni kubeba pamba na mpunga kutoka shambani hadi Mwanza. Injini ni nzima na breki zinashika. Sasa familia imepata karavani (kijumba cha magurudumu kinachovutwa na gari) ya Afrika Kusini, ya ekseli moja, kutoka kwa mgeni aliyemaliza mkataba akarudi kwao. Kibati chake kinasema ikijaa ni kilo 1,400.

Nataka kuipeleka kiwanjani kwetu Lamadi, wazee wapate pa kulala wakati tunajenga. Baadaye, watoto wakifunga shule, tuvuke nayo Daraja la Kigongo-Busisi mpaka Chato.

Ndugu zangu wanasema gari linalobeba magunia lukuki haliwezi kushindwa na kilo 1,400. Mimi sijawahi kuvuta tela la aina yoyote, na mama yangu mzazi atakuwa kwenye gari, kwa hiyo sitaki kubahatisha. Nianzie wapi?

fundi_nyakato

Mkuu, nguvu usiiwaze kabisa. 6D14 ni lita 6.6, karavani hiyo haitaisumbua hata kidogo. Na hapo ndipo hatari ilipo: Fuso haitaisikia. Tairi la karavani likipasuka, au ikianza kuyumba, usukani hautakuambia kitu. Tena karavani nyingi ni nyembamba kuliko bodi la Fuso, kwa hiyo hata vioo havitakuonyesha. Unaweza kuburuta rimu kutoka Magu hadi Nyashimo huku unapiga stori. Funga kamera nyuma kabisa ya karavani, skrini iwe mbele yako.

La pili ni kimo. Karavani hukaa sawa ikiunganishwa sentimita 40 na kidogo kutoka ardhini, wakati chesesi ya Fuso iko juu karibu mara mbili ya hapo. Ukichomelea kipande cha chuma kirefu kinachoning'inia chini, kila ukishika breki karavani inakisukuma kama wenzo na kukikunja. Kiwe fremu yenye mihimili ya kukaza, ifungwe kwa bolti kwenye reli zote mbili za chesesi. Mwisho wake iwekwe boli ya milimita 50, yaani tufe la chuma la kushikia tela, kwa sababu ile pini ya kuvutia iliyo nyuma ya malori haiingiani na kichwa cha karavani. Usisahau minyororo miwili ya usalama, ipishane chini ya kichwa.

dereva_mstaafu

Kijana wangu, mimi nakushauri tofauti. Ipakie juu ya Fuso. Tafuta ukingo wa udongo wenye kimo cha bodi, ipandishe, funga kamba za mkanda kwenye ekseli na chesesi yake, mchezo umekwisha. Mizigo mingi ya ajabu imefika Musoma kwa njia hiyo.

fundi_nyakato

Shikamoo mzee. Kwa safari moja ya kwenda na kuiacha, naafiki, mradi apime kwanza kama urefu wa bodi unatosha na kimo chote kinapita chini ya nyaya za umeme za mitaani. Lakini yeye anataka kwenda Chato na kurudi, na huko ukingo wa kushushia hajui kama upo.

waya_na_betri

Naomba niseme kuhusu umeme, maana hapa ndipo watu wanaunguza vitu. Fuso ni volti 24, karavani ni volti 12. Ukiunganisha moja kwa moja, globu zote zinakufa siku hiyohiyo.

Kuna mafundi watakuambia watoe waya katikati ya zile betri mbili ili upate 12. Kataa. Betri moja itakuwa inanyonywa na haijazwi vizuri, nyingine inajazwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa mapema.

Njia rahisi ni kutoa globu za taa za nyuma za karavani na kuweka za volti 24, zilezile za Fuso, mara nyingi soketi ni moja. Zikiwa ni taa za LED hilo halifanyi kazi, hapo nunua kipunguza umeme cha 24 kwenda 12, cha ampea 15 au 20. Friji usiiunganishe na gari hata kidogo. Mkifika, washeni kwa gesi kama inatumia gesi. Na mtungi ufungwe mkiwa barabarani.

dada_wa_busega

Kaka, barabara ya Mwanza–Musoma mpaka Lamadi ni lami na milima mikubwa hakuna. Kinachosumbua ni matuta. Kila penye senta kuna matuta, na kwa tela unayavuka mara tatu: mbele, nyuma, kisha karavani. Dereva wa lori amezoea kukanyaga mafuta tairi za nyuma zikishapita, na hapo ndipo makabati ya ndani yatakapong'oka. Ondokeni alfajiri, kabla bodaboda na daladala hazijajaa Igoma na Kisesa.

Kiwanja kikiwa upande wa mbuga, udongo ule mweusi, usiingize karavani mvua ikiwa imenyesha. Fuso inaweza kujitoa, karavani itazama mpaka ekseli. Pia ziwani mchana upepo huwa na nguvu. Huko darajani, kilomita tatu juu ya maji bila kitu cha kukinga, vuka asubuhi na taratibu.

fundi_nyakato

Dada kasema kweli. Niongeze mawili. Fuso tupu inarukaruka, springi zake ni za mzigo. Weka magunia ya mahindi, tani moja au mbili, juu ya ekseli ya nyuma. Itatulia, na karavani itapona.

Kisha pima uzito wa pua. Kichwa cha karavani kinatakiwa kikandamize boli kwa asilimia 5 hadi 7 ya uzito wake, yaani kilo 70 hadi 98 kwa hiyo yako. Azima mizani ya kuning'iniza ya kununulia pamba, inua kichwa mpaka kimo cha boli, soma. Ikiwa nyepesi, sogeza vitu vizito mbele ya ekseli. Karavani yenye mkia mzito ndiyo inayopiga chenga barabarani.

dereva_mstaafu

Basi kama anavuta, akumbuke Fuso inazidi tani 3.5. Kwenye mizani anaingia, na mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa. Kwa karavani hiyo mimi ningebaki 60. Tela liwe na kadi na namba yake lenyewe. Na mtu yeyote asikae ndani ya karavani ikiwa inatembea, hata bibi akichoka. Simameni apumzike.

mkulima_kisesa

Shikamoo mzee wangu, na asanteni sana wote. Nimekagua karavani leo. Breki yake ni ile inayojishika yenyewe karavani inapoisukuma gari, waya wake una kutu. Tairi zina kashata (meno) nzuri, kama mpya. Pembeni zimeandikwa 1912.

fundi_nyakato

Hiyo 1912 ni wiki ya 19 ya mwaka 2012. Kashata haikusaidii kitu, mpira umekufa kwa kukaa juani. Toa zote mbili pamoja na spea. Nunua zenye namba ya uzito 100 au zaidi, kila moja inabeba kilo 800. Tairi zikiwa chini, fungua ngoma, badilisha waya wa breki, safisha beringi na utie grisi mpya. Halafu jaribu kushika breki uwanjani, Fuso ikiwa na magunia yake, kabla hujampakia mama.

mkulima_kisesa

Nimeelewa mkuu. Naanza na tairi na breki, fremu baadaye. Ukiwa na nafasi wiki ijayo naileta Nyakato, tupime kimo pamoja.